Muto usiopata kupumzika: kile kome wanatufundisha juu ya matope ya mito yetu

Kila mara mabishano inapoanza juu ya mito yetu yenye machimbo ya zahabu, swali linakuwa lile lile: katika hii maji muna sumu ao hamuna? Watu wanatafuta zebaki, ile wachimbaji wanaita merkiri. Wanatafuta sianidi. Wanauliza kama samaki wanaweza kuliwa. Maswali mazuri, na yanapaswa kuendelea kuulizwa. Lakini muto wenyewe unapita mbele ya macho ya kila mutu na rangi ya chai ya maziwa, asubuhi mpaka magaribi, masika mpaka kiangazi, na matope, kile kitu kinachoonekana kuliko vyote, ni mara chache yanaandikwa katika ripoti. Tunayachukua kama vumbi la barabara: yanasumbua, lakini hayaui.

Yanaua. Na kuna munyama mumoja ambaye mwili wake unaonyesha vizuri namna yanavyoua, na sababu gani hatuoni haraka. Ni kome wa mito na maziwa.

Wengi wetu tunajua ganda lake tu: pande mbili zinazofungana kama kitabu, inje rangi ya kahawia ao nyeusi, ndani inang'aa. Watoto wanaokota kwenye muchanga na kuchezea. Mwenyewe akiwa muzima anakaa sehemu moja ya mwili ndani ya muchanga wa chini ya maji, na hatembei sana. Katika ziwa Tanganyika kuna aina za kome ambazo hazipatikani fasi ingine yoyote duniani. Mbili kati yazo zinabeba majina ya wale Waingereza wawili, Burton na Speke, waliofika Ujiji mwezi wa 2 mwaka wa 1858. Speke alirudi kwao na maganda, na mwaka wa 1859 mutaalamu Woodward akayaandika katika kitabu cha sayansi. Leo wanaitwa Grandidieria burtoni na Pleiodon spekii. Katika bonde la muto Congo kuna ndugu yao mwingine, Etheria elliptica, ambaye anajishikiza kwenye mawe fasi maji inaenda mbio, sawa na chaza wa bahari.

Kazi tatu, chombo kimoja

Kome hawindi. Anafungua ganda kidogo, anavuta maji ndani, maji inapita juu ya matamvua yake, kisha inatoka upande mwingine. Kome mukubwa anaweza kuchuja nusu lita ao lita moja kwa saa, kufuatana na aina yake, ukubwa wake na joto la maji. Muweke elfu moja katika kipande cha muto, na muko na mashine ya kusafisha maji isiyoomba mazuti wala mushahara.

Sasa tuangalie hayo matamvua. Kwa samaki, kazi yake ni kupumua. Kwa kome, ni kupumua, na ni kukamata chakula, vile vijimea na vijidudu vidogo vinavyoelea majini. Tena, kwa kome jike, ndani ya matamvua hayo hayo ndimo anabeba watoto wake mbele ya kuwaachilia. Pafu, kinywa na tumbo la uzazi, vyote ni kitu kimoja. Kitu kikiziba pale, kinaziba maisha yote matatu kwa mara moja.

Matope yakifika, kome ana njia mbili tu. Ya kwanza ni kuendelea kuvuta maji na kuchagua. Mama anayechagua mawe katika muchele anajua hiyo kazi. Kama katika ungo muna mawe matatu, anayatoa na chakula kinaendelea. Lakini umuletee ungo ambao mawe ni mengi kuliko muchele: atachagua siku nzima, na jioni watoto watalala njaa. Kome anafanya vile vile. Udongo anaufunga katika ute, anautupa inje bila kuumeza. Ule ute anautengeneza kwa nguvu ya mwili wake, na nguvu hiyo inatoka katika chakula, na chakula njo kile kimekuwa kidogo.

Njia ya pili ni kufunga mulango. Anafunga ganda na kungojea. Ni njia nzuri sana kwa mvua ya usiku mumoja. Lakini ndani, akiwa amefunga, hewa safi inapunguka na asidi inapanda katika mwili. Ili isimuharibu, anayeyusha chokaa ya ganda lake mwenyewe kidogo kidogo. Nyumba inamulinda, naye anaikula kutoka ndani.

Habari hii si ya jana. Mwaka wa 1936, huko Marekani, mutaalamu M. M. Ellis alichapisha kazi yake juu ya udongo unaoletwa na mumomonyoko ndani ya mito. Aliona kwamba katika maji yenye matope mengi, kome walikaa wamefunga ganda kati ya asilimia 75 na 95 ya wakati, lakini wenzao wa maji safi walikuwa wanafunga chini ya nusu ya wakati. Aliona tena kwamba tabaka la udongo laini lenye unene usiofika hata santimetre 3, likilala juu ya muchanga, lilitosha kuua sehemu kubwa ya aina alizopima. Santimetre 3! Ni unene wa vidole viwili.

Mwaka wa 1987 watafiti wengine wa Marekani waliongeza kitu ambacho kwetu ni cha maana zaidi. Walichukua aina tatu za kome na kuwapa matope kwa vipindi. Wale waliopata matope mara moja kwa saa tatu walivumilia. Wale waliopata kila nusu saa walipunguza kupumua na kuanza kula akiba ya mwili wao, kama mutu mwenye njaa. Kwa hiyo shida haikuwa matope tu. Shida kubwa ilikuwa kukosa nafasi ya kupumzika kati ya matope na matope.

Kijiji cha wazee peke yao

Mutu anaweza kusema: lakini mimi nimeona kome wazima katika muto muchafu. Ni kweli. Na hapo njo mutego ulipo.

Kome anaishi muda murefu. Aina nyingi zinafika miaka kumi, ishirini, zaidi. Yule wa Ulaya anayetoa lulu anaweza kupita miaka 100. Mukubwa mwenye akiba anaweza kuvumilia miaka mibaya mingi. Wale wasiovumilia ni wale ambao bado hawajazaliwa.

Kome dume anaachilia mbegu zake ndani ya maji, basi. Jike anapaswa kuzivuta pamoja na maji anayochuja. Kama jike amefunga mulango juu ya matope, ao anachuja kidogo sana, mbegu inapita mbali na mayai hayapati. Katika mabwawa ya majaribio huko Alabama, watafiti walilinganisha mabwawa yenye maji safi na yenye maji chafu, na mwaka wa 2013 wakachapisha matokeo: kadiri matope yaliyoelea yalivyoongezeka, kome majike waliobeba mimba walipunguka, mpaka katika maji chafu zaidi uzazi ukakwama. Wakubwa walikuwa wazima. Mutu angepita pale angesema: mambo iko sawa.

Kuna hatua ingine. Mutoto wa kome, karibu katika aina zote, hawezi kukua bila kupanda kwanza juu ya samaki. Anajishikiza kwenye mapezi ao matamvua ya samaki, anakaa pale muda fulani, kisha anaanguka fasi ingine ya muto na kuanza maisha yake. Katika ziwa Victoria, Geoffrey Fryer alieleza mwaka wa 1961 namna kome mumoja wa Afrika, Mutela, anakulia juu ya samaki wa jamaa ya barbus, na barbus wako pia katika mito yetu. Samaki akikimbia matope, kome anapoteza gari lake. Huko Marekani kuna aina ambazo mama anatikisa kipande cha nyama ya mwili wake kinachofanana na samaki mudogo, ili samaki mukubwa asogee. Mama wa namna hiyo, katika maji ambayo samaki haoni mbele, atatikisa bure.

Mwishoni, mutoto akianguka kutoka kwa samaki, anajizika katika muchanga na changarawe, miezi ao miaka, na anategemea maji yenye hewa inayopita katikati ya chembe. Udongo laini ukiingia katika hizo nafasi, unaziba kama simenti mbichi. Ulaya kuna mito mingi yenye kome wa lulu wazee, mamia, maelfu, na hakuna hata mutoto mumoja. Munajua kijiji ambacho vijana wote wameondoka na wazee tu wamebaki? Moshi unatoka jikoni, milango iko wazi, mugeni anaona watu. Lakini kijiji kimekwisha, kinangojea tu tarehe.

Kwa hiyo kifo cha matope hakina harufu. Sumu ikimwagika, samaki wanaelea tumbo juu na kila mutu anapiga picha. Matope hayatoi picha. Muto unakufa upande wa watoto, na watu wa inspeksioni wanakuta wazee wazima.

Lakini mvua nayo inaleta matope

Hii ni hoja ambayo kampuni na hata viongozi wengine wanapenda: mito yetu inashuka kwenye milima, kila masika inakuwa nyekundu, tangu wakati wa mababu. Hoja haiko ya uongo. Wataalamu wenyewe wa kome bado wanabishana juu ya kiasi gani cha matope kinaua aina gani, kwa sababu kuna kome wanaoishi vizuri katika mito ambayo kwa asili ni ya kahawia. Hakuna namba moja inayofaa kwa mito yote, na mutu anayewaambia kwamba miligramu fulani kwa lita ni salama kwa Elila, kwa Ruzizi na kwa Ituri anawadanganya.

Lakini tuangalie namna mvua inafanya kazi. Mvua inanyesha, muto unapanda, unachafuka siku moja, mbili, tatu. Kisha unashuka na kuanza kusafika. Kiangazi kikifika, mwezi wa 6, wa 7, wa 8, muto wa mulimani unaonyesha mawe yake ya chini. Na mafuriko yenyewe yana nguvu ya kusukuma udongo laini mbele, yanaosha changarawe. Kome wa hapa wamezoea hiyo kalenda. Wanafunga mulango wakati wa fujo, wanafungua wakati wa utulivu.

Mashine haina kalenda. Dragi inanyonya sakafu ya muto na kurudisha matope nyuma yake kila siku. Mashine kubwa za kuchimba zinageuza ukingo, pampu zinaosha udongo wa mulimani na kuurudisha mutoni, na kiangazi ndiyo wakati muzuri zaidi wa kazi, juu maji iko chini. Matope yanakuja wakati muto hauna nguvu ya kuyasukuma. Yanalala. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tofauti yote iko. Muto wenye rangi mbaya mwezi wa 4 hauelezi kitu. Muto wenye rangi ile ile mwezi wa 7 umenyimwa nafasi ya kupumzika, na kila kitu kinachoishi chini yake kinapimwa kama wale kome wa kila nusu saa.

Maamuzi yanayohesabu kampuni, si muto

Kivu ya Kusini imeona maamuzi makubwa. Mwezi wa 8 mwaka wa 2021, gavana wa wakati ule alisimamisha kampuni sita za Wachina katika teritware ya Mwenga, kisha wakaaji kulalamika juu ya mashamba na mito iliyoharibika. Mwezi wa 7 mwaka wa 2024, gavana mwingine alisimamisha kazi yote ya kuchimba madini katika jimbo, akisema kuna fujo. Mbele ya hapo, kati ya 2013 na 2015, Shabunda ilipitia mbio za zahabu katika muto Ulindi, na madragi yake. Shirika Global Witness liliandika ripoti juu yake mwaka wa 2016. Ripoti hiyo ilifuata zaidi pesa, silaha na kodi.

Sisemi maamuzi haya hayakuwa na maana. Lakini angalieni kile yanahesabu: kampuni ngapi, vibali gani, nani analipa nani. Muto hauhesabiwi. Hakuna siku iliyowekwa ya kurudi na kusema: mbele ya kusimamisha, Elila ilikuwa hivi, kisha miezi sita iko hivi. Bila ile hesabu, kampuni inaweza kusimama mwezi wa 8 na kuanza tena na jina lingine mwezi wa 12, na hakuna mutu anayeweza kuonyesha kama muto ulipata hata wiki moja ya kupumua.

Na hata pale mashine inaondoka kabisa, marundo ya udongo yanabaki ukingoni. Kila mvua inashusha kipande. Udongo uliokwisha lala katikati ya changarawe unangojea mafuriko mengi ili utoke. Kusimamisha kazi ni siku moja na sahihi moja. Kurudisha sakafu ya muto kunaomba misimu, tena kunaomba mutu afukie mashimo, apande majani, ageuze maji ya kuosha iende katika bwawa la kutulia mbele ya kurudi mutoni. Hilo bwawa la kutulia ni kitu rahisi, shimo moja ao mbili zinazofuatana, na machimbo mengi hayana hata moja.

Kuhusu merkiri, kuna jambo moja ambalo linaunganisha maswali mawili. Zebaki inapenda kushikana na chembe laini za udongo. Mutu akichota maji ya juu, ikiwa imetulia, anaweza kupata kiasi kidogo sana, wakati sehemu kubwa imelala chini ao inasafiri na matope kuelekea vijiji vya chini. Kwa hiyo anayepima sumu bila kupima matope amepima nusu. Na kome, kwa sababu wanachuja maji muda murefu, wanakusanya metali katika nyama yao. Ni sababu nzuri kwa watafiti kuwatumia, na sababu nzuri kwa wakaaji wa chini ya machimbo kutokuwala.

Si zahabu peke yake

Tukimaliza na kampuni tutakuwa tumesema kweli nusu, na wakaaji wa Uvira wanajua. Muji ule umebanwa kati ya milima na ziwa Tanganyika. Milima inalimwa mpaka juu, miti inakuwa makala, nyumba zinajengwa kwenye ukingo wa Mulongwe na Kalimabenge, watu wanachimba mawe na muchanga mutoni. Usiku wa tarehe 16 kuamukia 17 mwezi wa 4 mwaka wa 2020, Mulongwe ulitoka katika njia yake na kubeba nyumba na watu. Yale matope yote yalienda wapi? Ziwani, mbele ya muji, fasi kome, konokono na samaki wa mawe wanaishi.

Mwaka wa 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti juu ya ziwa Tanganyika: walilinganisha pwani ambazo milima yake bado ina pori na zile ambazo milima yake imevuliwa nguo. Fasi ambapo udongo ulishuka sana, aina za wanyama wadogo wa maji na za samaki zilikuwa chache wazi wazi. Sehemu ya kaskazini ya ziwa, upande wetu na wa Burundi, ilikuwa kati ya zile zilizoharibika zaidi. Hiyo ni zaidi ya miaka 30 iliyopita, na tangu hapo hakuna aliyeona milima ya Uvira ikirudia kuwa kijani. Nchi nne za ziwa zilitia sahihi mapatano yao huko Dar es Salaam tarehe 12 mwezi wa 6 mwaka wa 2003, na ofisi ya mamlaka ya ziwa iko Bujumbura. Uvira yenyewe ina kituo cha utafiti wa maji, CRH, ambacho kina watu wenye ujuzi. Kinachokosekana si elimu.

Muvuvi atasema: mimi naishi na ndagala na mukeke, si na kome. Sawa, ndagala anakaa katikati ya ziwa, mbali na matope. Lakini lumbu, yule ambaye alipelekwa ziwa Kivu na anaitwa sambaza, watoto wake wanakulia karibu na pwani. Na samaki wadogo wa pwani wanaotaga katika maganda tupu ya konokono Neothauma wanahitaji maganda yasiyozikwa. Pwani ni chumba cha watoto cha ziwa, na matope yanaingia kwanza pale.

Tena kuna jambo linaloingia katika kila nyumba. REGIDESO ya Uvira inachota maji katika Mulongwe. Muto ukijaa udongo, kusafisha maji kunaomba dawa nyingi zaidi na muda murefu zaidi, na ukizidi, robine inakauka. Umeme nao ukikatika, hesabu ni ile ile. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, uliofuata Uvira kati ya 2009 na 2014, ulionyesha kwamba kisha siku ambayo robine haitoi maji, wagonjwa wanaozaniwa kuwa na kolera wanaongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zinazofuata, ukilinganisha na siku maji iko ya kutosha. Na mama anayechota moja kwa moja mutoni ajue: klori inafanya kazi vibaya katika maji ya matope, kwa sababu uchafu unaikula mbele ya vijidudu. Ndiyo maana maagizo ya vidonge yanaomba kutulisha na kuchuja maji kwanza, na kuongeza dozi maji ikiwa na ukungu. Matope yanayoziba matamvua ya kome yanaharibu pia dawa katika bidoni ya nyumbani.

Kile wakaaji wanaweza kupima bila kungojea mutu

Sheria ziko. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka wa 2011 juu ya mazingira inasema anayechafua ndiye analipa, na inawapa raia haki ya kupata habari. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka wa 2015 ni ya maji. Kode ya madini, iliyogeuzwa mwezi wa 3 mwaka wa 2018, inaomba kampuni ifanye utafiti juu ya madhara kwa mazingira na jamii mbele ya kuanza. Lakini malalamiko yanayosema tu "maji imechafuka" yanajibiwa kwa neno moja: mvua. Malalamiko yenye tarehe na vipimo ni vigumu kuyajibu hivyo.

Kipimo cha kwanza hakina bei. Chukueni kifuniko cheupe cha ndoo, mukifunge jiwe na kamba yenye fundo kila santimetre 10. Mukishushe majini fasi moja, saa moja, kila wiki. Muandike fundo ambapo kinapotea machoni. Watafiti wa maziwa wanatumia kitu kama hicho tangu karne ya 19. Fasi ambapo muto ni mufupi sana, tumieni chupa: mujaze, muiache usiku muzima bila kuigusa, asubuhi mupime unene wa udongo chini. Mufanye juu ya machimbo na chini ya machimbo, siku moja. Tofauti kati ya chupa mbili, mwezi wa 7, hakuna mvua ya kuieleza.

Kipimo cha pili ni kome wenyewe. Fasi wanapatikana, angalieni ukubwa. Kama maganda yote ni makubwa na ya zamani, na hakuna madogo ya ukubwa wa ukucha ao kidole, hapo uzazi umesimama hata kama wazee wako wazima. Kuna shida moja: watoto wanajizika, kwa hiyo kuwakosa mara moja hakutoshi, murudie misimu miwili, mutafute katika changarawe, na wale wazima muwarudishe pale pale. Waulizeni pia wazee wavuvi na mama wanaofua mutoni kwamba maganda yalikuwa mengi wapi zamani. Fasi nyingi, hiyo ndiyo kumbukumbu ya pekee iliyoandikwa kabla ya mashine, hata kama imeandikwa kichwani tu.

Kuna kitu cha tatu ambacho ningekiweka mbele ya vyote kama pesa ni kidogo, na kwetu pesa ni kidogo kila wakati. Muto mukubwa uliojaa matope ni vigumu kuuokoa leo. Lakini karibu kila muto kama huo una vijito vinavyoingia ndani yake kutoka milima ambayo mashine bado haijafika. Ndani ya hivyo vijito kome wanaendelea kuzaa, barbus wanapanda na kushuka, na siku muto mukubwa utatulia, watoto wa kome watarudi juu ya samaki hao, hakuna njia ingine. Kijito kimoja safi kikipotea, sehemu nzima ya chini inapoteza mbegu yake. Chefu wa kijiji, komite ya maendeleo na sosyete sivile wanaweza kukaa na karatasi moja, kuandika majina ya vijito vyao vinavyoonyesha mawe hata leo, na kupeleka orodha hiyo kwa teritware na kwa wakubwa wa mazingira mbele ya kibali kipya kutolewa, si kisha. Kwa Mwenga na Shabunda, orodha ya namna hiyo inaweza kuandikwa kwa siku mbili za kikao. Mwezi wa 7 ndio muzuri wa kuihakikisha, kwa macho na kwa chupa.